Jogoo wa Kwemlaga

Aliyekuchinjia jogoo hajakupa shamba.

Maneno hayo aliyasema Bibi Mashavu bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage, siku mjukuu wake Hoza aliporudi kutoka ukweni akijisifu. Alikuwa amekwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti anayemtaka. Wakamchinjia jogoo, wakamnawisha mikono, wakamsindikiza hadi barabarani. "Hapo mke nimeshapata," Hoza akasema. Bibi akatoa msemo wake, na dada zake Hoza wakacheka mpaka mmoja akamwaga maharage.

"Bibi, hayo maneno umeyatoa wapi?" Hoza akauliza kwa uchungu. "Mimi nimekula paja zima, wewe unanitolea methali!"

"Kaa chini basi," Bibi akasema. "Methali hii haina umri mkubwa. Iliyoizaa ni hasira, na ilizaliwa hivi."

Siwema Shekilindi alikuwa na desturi yake ya asubuhi. Alifika ofisini kabla ya wenzake, akafungua madirisha, akabandika maji ya chai, kisha akaponda iliki kwenye kinu kidogo cha mbao. Iliki hizo alitumiwa na shangazi yake kutoka Kwemlaga, kijiji chao kilichoko milimani. Hakuwa msemaji. Hata ofisini walizoea kumtambua kwa harufu ya chai yake kabla ya kusikia sauti yake. Asubuhi hiyo alikuwa bado na mchi mkononi simu ilipolia.

"Siwema." Shangazi Mwanjaa alikuwa anahema. "Watu wako wamefika huku. Wana chenso za kukatia miti. Wameanza na mshai wa mama yako."

Mchi ukamponyoka.

Ili mwelewe, wajukuu zangu, iliki haipendi jua. Huota chini ya miti mikubwa, na ukikata mti umekata na iliki. Bonde la Kwemlaga lilikuwa la ukoo, na kila mama alikuwa na kipande chake chini ya kivuli chake. Mama yake Siwema alikuwa na mshai mmoja mpana. Chini ya mshai ule alichuma iliki akiwa amechutama miaka yote, na kwa iliki zile akamsomesha binti yake hadi chuo kikuu, alikosomea usimamizi wa biashara za kimataifa. Mama alifariki kabla ya mahafali. Mshai ukabaki.

"Watu wako" ambao shangazi aliwataja walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya viungo yenye makao yake Nairobi. Siwema alikuwa afisa uhusiano wake upande wa Tanga. Meneja alikuwa Bwana Kirimi, Mmeru wa Kenya, mtu wa kazi, mkweli na mwenye haraka. Kampuni ilitaka bonde lile ilifanye shamba moja kubwa la pilipili manga, na wenyeji wawe vibarua wake. Bwana Kirimi hakutaka kwenda kama bwana mkubwa. Alikuwa amesomea mambo ya tamaduni na biashara, akapata hata cheti, na alijua kwamba huku kwetu mtu haanzi na hesabu, anaanza na salamu. Basi akapanda mlima pamoja na Siwema, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani kwa Mzee Shemhina, mkubwa wa ukoo, ambaye kwa Siwema ni baba mkubwa.

Akaeleza shida yake yote. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Tumekusikia, mwanangu. Sasa karibu ule." Akachinjwa jogoo.

Hapo ndipo palipo na fundo. Kule Kwemlaga, mtu wanayemkubali hachinjiwi kitu. Huketishwa jikoni juu ya kigoda, akapewa kilichomo chunguni, hata kama ni kiporo, na baadaye akapewa jembe au kikapu aende shambani na wenzake, maana ameshakuwa wa nyumbani. Jogoo ni wa mtu atakayeondoka. Huchinjiwa ili kukataliwa kusimkute na njaa. Neno lenyewe la kukataa halitamkwi, kwani kumwambia mgeni hapana usoni ni kama kumtemea mate. Mwenye kuelewa hula, akanawa, akashukuru, akaaga, asilirudie tena jambo lile.

Bwana Kirimi alikula akashiba. Akapiga picha ameshika paja la kuku, wazee wakicheka pembeni yake. Ndani ya gari alipiga usukani kwa furaha.

"Umeona, Siwema? Nairobi waliniambia Watanzania ni wagumu. Si wagumu! Ni kujua tu kukaa na wao. Wakikulisha, wamekubali. Ama si wamekubali?"

Siwema alimtazama. Alijua. Lakini bosi alikuwa na furaha, kazi ilikuwa bado changa, na yeye mwenyewe alikuwa amelelewa mlemle ndani ya adabu ile. Akasema, "Walifurahi sana kukuona, bosi."

Haukuwa uongo. Ndiyo maana ulipita.

Picha ile ikatundikwa ukutani ofisini, na chini yake pakaandikwa kwamba wenyeji wameridhia. Makaratasi yalikuwa bado yako wilayani, lakini Bwana Kirimi hakuwa mtu wa kusubiri makaratasi. Akatuma chenso zitangulie.

Sasa mwoneni Siwema juu ya pikipiki, anapanda milima kwa vumbi, hijabu inampiga usoni. Hasira ya mtu mpole ni moto wa pumba. Juu unaona majivu, ukitia mguu unaungua. Alimkasirikia Bwana Kirimi na cheti chake. Alimkasirikia mwalimu wake wa chuo, aliyewaandikia ubaoni kwamba katika jamii kama hizi chakula ndiyo sahihi ya makubaliano. Siwema aliyaandika maneno hayohayo kwenye mtihani, akapata A, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwao wanakulaje. Aliwakasirikia wazee wanaocheka kwenye picha. Na kila pikipiki ilipoyumba kwenye kona, alikumbuka siku ile ndani ya gari, na jibu lake laini kama uji wa mgonjwa, akajikasirikia zaidi ya wote.

Aliukuta mshai umelala. Matawi yake yalikuwa yamezivunja iliki za mama yake, na jua, ambalo halikuwahi kufika pale, lilikuwa limekaa juu ya majani kana kwamba limenunua mahali. Vijana wa chenso walikuwa wamepumzika wakila mihogo. Siwema aliwapita. Aliokota mkarara mmoja wa iliki mbichi, kikonyo na maganda yake, akaufumbata, akapanda kwa Baba Mkubwa.

Uani watu walikuwa wamejaa. Bwana Kirimi naye alikuwa ameshafika kwa gari kukagua kazi, amesimama katikati, amekunja uso.

"Kwani shida ni gani?" alikuwa anauliza. "Mbona kina mama wananiangalia hivi? Si mlinikaribisha? Si tulikula pamoja hapa hapa?"

Mzee Shemhina alitabasamu. Adabu za miaka sabini hazivuliwi kama koti.

"Hakuna neno, mwanangu. Umetoka mbali. Karibu ukae. Mwanjaa! Hebu mtafutie mgeni jogoo."

Shangazi Mwanjaa alikwenda machozi yakimtoka, akarudi na jogoo mwekundu kichwa chini, na kisu.

"Asichinjwe!"

Watu wote waligeuka. Wengine hawakujua ile ni sauti ya nani, kwa sababu hawakuwahi kuisikia ikiwa juu namna ile.

"Siwema, mwanangu," Mzee akasema polepole, "mgeni hawezi..."

"Baba Mkubwa, mti wa mama umelala chini, na wewe unataka tumpikie mchuzi aliyeukata!"

Akamnyang'anya shangazi jogoo, akamwachia. Jogoo akakimbia akipiga kelele, akajificha chini ya gari la kampuni. Kijana mmoja akacheka, mama yake akampiga kofi la mgongo.

"Sasa kuku amekukosea nini?" Bwana Kirimi akauliza.

"Bosi, unajua jogoo huyu ni wa nini?"

"Ni ukarimu."

"Ni hapana. Yule wa kwanza alikuwa hapana. Huyu angekuwa hapana ya pili. Tungemaliza kuku wa kijiji kizima, na wewe ungeendelea kukata miti na kutushukuru kwa mchuzi mtamu!"

Akamweleza yote, kigoda, kiporo na jembe, iliki bado imefumbatwa. Alipomaliza, uso wa Bwana Kirimi ulikuwa umebadilika. Naye sasa alikuwa na hasira ya haki.

"Wacha nikuambie, Siwema. Kwetu mtu akikataa, anasema amekataa, tunanuniana, halafu tunaendelea. Hawa wazee sawa, hawanijui. Lakini wewe ulikuwa umeketi kando yangu kwa gari. Nilikuuliza, si wamekubali? Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia walifurahi kukuona."

"Kwa hivyo na wewe ulinichinjia jogoo."

Neno hilo lilimwingia Siwema mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Machozi yakamshuka, hakuyafuta.

"Ndiyo," akasema. "Na mimi nilikuchinjia. Mti ule tumeukata mimi na wewe, na hawa waliocheka kwenye picha. Leo sichinji tena. Hawakukubali, bosi. Hawakuwahi kukubali, na nilijua."

Wakati huo huo, kule chini bondeni, chenso ikanguruma. Vijana walikuwa wamemaliza mihogo.

Kina mama wakapiga yowe. Bwana Kirimi akatoa simu mfukoni, akaishika, lakini hakupiga. Akamgeukia Mzee Shemhina.

"Mzee, mimi si mwizi. Nikipiga simu hii, ile mashine itazimwa. Lakini sitawaambia Nairobi kwamba nimesimamisha kazi kwa sababu kuku ametoroka. Sitawaambia nimeambiwa na mfanyakazi wangu. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Mzee akakohoa. Akarekebisha kofia.

"Mwanangu, wakubwa wetu walituambia kwamba ardhi ni jambo zito. Na mgeni naye ni baraka, wala si vizuri mtu kutoka nyumbani kwako na moyo mzito. Sasa jambo kama hili, ukilitazama, lina pande zake, na sisi kwa upande wetu..."

Chenso ikabadilisha sauti. Ilikuwa imeshauma mti.

"Baba Mkubwa," Siwema akasema. Hakupaza sauti tena. Alifumbua kiganja, akamwonyesha ule mkarara wa iliki uliopondeka.

Mzee akautazama. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo, mpaka wote waliokuwepo wakamwona kwa mara ya kwanza mzee asiye na tabasamu, na alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Hapana," akasema, chini kwa chini.

"Sijasikia, Mzee."

"Hapana!"

Bwana Kirimi akapiga simu. "Zimeni. Nimesema zimeni, sasa hivi!" Bonde likanyamaza, kimya kikapanda hadi uani.

Ndani ya kimya kile Mzee Shemhina akasimama, akaiegemeza fimbo yake ukutani kama mtu asiyeihitaji tena, na maneno aliyoyameza siku ile ya karamu yakamtoka yote, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa vijana wa chenso.

"Shamba hatutoi! Hatutoi kwa mchuzi wala kwa picha yako! Ulikuja kwangu umevua viatu, nikakuheshimu, nikakulisha, nikadhani umeelewa. Kosa langu ni kunyamaza, na leo sinyamazi. Sikia, kawaambie na wa Nairobi, na wewe Siwema kawafundishe na walimu wako: aliyekuchinjia jogoo hajakupa shamba!"