Karanga za Kusagwa

Wapendwa, hebu nimlete mbele yenu mama mmoja mtengenezaji wa unga wa lishe. Mahindi, soya, karanga, vyote alivikaanga mwenyewe, akavisaga, akavifunga. Unga wake ndio uliopikwa uji wa watoto wa kliniki, na kikombe cha kwanza kila asubuhi kilikuwa cha mjukuu wake wa miaka mitatu. Usafi wake sasa! Nzi akitua kwenye ungo wa mama huyu, amejitafutia mwenyewe.

Siku moja kabla ya kupeleka mzigo kliniki, akaja bwana afya, kijana mpole, na karatasi mkononi. Upande mmoja unaandika kila hatari inayoweza kuingia kwenye chakula. Upande wa pili unaandika inatoka wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Mama akataja upesi nzi, panya, mikono michafu, vijiwe. Walipofika kwenye mionzi akacheka mpaka machozi. "Mionzi, mwanangu? Huku kwetu kwenye mihogo?"

"Kuna mahali inapatikana kwenye udongo au maji, mama. Tunauliza tu. Ikiwa haipo, tunaandika haipo na tunashukuru. Sasa tuje kwenye kemikali. Hizi karanga mnazichambuaje?"

Hapo mama akajiweka vizuri, maana ameulizwa kazi anayoijua. Karanga nono, akaeleza, zinauzwa nzima, kwa kuwa mnunuzi anaziona. Zilizonyauka na zilizoshika ukungu ndizo za kusagwa. "Situpi neema ya Mungu mimi! Nazikaanga sawasawa. Moto unaua kila kitu."

Wangapi humu ndani tunafanya hivyohivyo? Msinyooshe mikono, nawajua.

Kijana akaweka kalamu chini. "Mama, ukungu ule unaacha sumu. Moto wa jikoni hauimalizi. Kuzisaga kunaificha tu. Inaumiza ini polepole, na mtoto ndiye anayeumia zaidi."

"Unaniambia nalisha watoto sumu? Mimi? Miaka tisa naifanya kazi hii kwa sala!"

Alikuwa amesimama, kifua kimejaa hasira, na mjukuu wake akapita mbele yake na kikombe cha uji, kakishika kwa mikono miwili. Hasira ikamwishia palepale. Akamnyang'anya kikombe. Mtoto akalia, na bibi yake naye akalia. Ule mzigo wa kliniki haukwenda.

Baadaye akaomba kalamu. Upande wa hatari akaandika: sumu ya ukungu. Upande wa pili kijana alitegemea aandike karanga, au ghala, au mvua ya mwaka ule. Mama akaandika: mimi.

"Mama, si lazima uandike hivyo."

"Acha, mwanangu. Karanga hazikujisaga. Mungu akubariki kwa kuja leo, ungekuja kesho kutwa ningekuwa nimekwisha kuwagawia watoto na mzigo huu."

Sasa tuseme sisi. Orodha zetu za hatari ni ndefu, tena tunazisoma kwa sauti kwenye maombi: jirani, wachawi, mawifi, bosi kazini. Ni nani kati yetu amewahi kujiandika mwenyewe? Ubaya ambao tungeona aibu kuuonyesha mzima tunausaga laini, tunaupitisha kwenye moto wa maombi kidogo, kisha tunawanywesha watoto wetu nyumbani, na sukari juu.

Lakini sikuja kuwakaripia leo, nimekuja tushukuru. Mungu angeweza kutuacha tuendelee kusaga. Badala yake anatuma mtu na swali. Nani alikuuliza swali gumu wiki hii? Mkeo? Binti yako? Ulimjibu nini, au ulimfukuza? Basi ukitoka hapa, kabla hujagusa chakula cha mchana, mtafute. Usimweleze lolote, usijitetee. Mwambie asante.