Kwa Nini Mbwa Hutangulia Njiani, Kisha Hugeuka Nyuma

Mnacheka kwa sababu mbwa ametafuna kandambili ya Elineema. Chekeni tu, lakini mimi simwoni mwenye kosa hapo ila ninyi. Leo siku ya tatu hajatoka nje ya ua huu, nanyi mnampita mlangoni mkienda zenu kucheza. Sogeeni hapa mnisaidie kuchambua maharage, niwaambie mambo yalivyoanza.

Zamani sana, watu wa milima hii walipokuwa ndio kwanza wamechimba mifereji ya kunyweshea mashamba, mbwa hakujua njia. Alifungwa langoni kwa kamba ya mgomba angali mtoto, akazeekea papo hapo. Watu waliamini kwamba mbwa akitembea husahau kwao, na nyumba ikabaki bila mlinzi. Nani alijaribu akaona? Hakuna. Waliambiwa na baba zao, wakanyamaza.

Katika watu hao alikuwapo Mbonea, mtunza mfereji. Kila asubuhi alipanda mlima, akaufuata mfereji kutoka bwawani hadi mashambani, akiziba kwa udongo na majani kila palipovuja. Kisha mkewe akafariki. Siku ya kwanza baada ya matanga Mbonea alikaa kwenye kigoda mlangoni, akakaa na ya pili, na msimu mzima ukapita yuko pale pale. Mfereji akapewa mtu mwingine. Miguu ikamvimba, chakula kikawa hakimpiti kooni, na ukimsalimu alijibu "nzuri" kama mtu anayekuombea uondoke upesi.

Binti yake Nakiete, aliyeolewa jirani, alileta uji kila asubuhi na jioni akaukuta umeganda. Aliogopa. Mama alikwisha kumzika, na sasa alimwona baba naye akimponyoka polepole, mchana kweupe, bila ugonjwa wenye jina.

Langoni kwa Mbonea alifungwa mbwa aliyeitwa Watasema. Huyu alikuwa kijana, ana nguvu tele zisizo na pa kwenda. Alibweka tangu kunapopambazuka, akachimba mashimo, akatafuna kigoda cha wageni. Siku moja aliikata kamba, akaruka ua na kufukua matuta manne ya viazi vya jirani. Majirani wakasema imetosha.

Wazee wakakaa kikao. Mkuu wao, Mzee Senkondo, mtu wa maneno machache na masharti mengi, akatoa hukumu: mbwa akaachwe ng'ambo ya kilele, kwenye msitu wa chui. Na ilikuwa desturi kwamba aliyemfuga mbwa ndiye ampeleke, kwa miguu yake mwenyewe, maana mbwa wa mtu akitupwa na mkono wa mwingine, ugomvi wa koo mbili hauishi.

"Kwa miguu ipi?" Mbonea akauliza.

"Hiyo hiyo uliyo nayo," akajibu Mzee Senkondo. "Tunakupa siku saba."

Siku ya kwanza Mbonea alishika mkongojo kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, akatoka. Walifika kwenye jiwe kubwa tu, hapo chini. Pumzi zikamwishia, akarudi akisema atampeleka kesho. Lakini jioni hiyo Watasema alijilaza akatulia, hakubweka hata mara moja, na Nakiete alipokuja alikuta bakuli la uji tupu kabisa. Alidhani uji kapewa mbwa. Akachungulia, akamwona baba yake anajifuta midomo.

Siku ya pili walifika kwenye shamba la migomba, ya tatu wakafika bwawani. Kila siku Mbonea alisema, "Kesho nitamfikisha," na kila siku walirudi wote wawili. Njiani watu walimsalimu, naye akalazimika kusimama na kujibu. Siku ya tano aliona mfereji unavuja, akainama na kuuziba bila kuombwa. Uvimbe wa miguu ulikuwa umepungua, na wala hakujua ulipungua lini.

Siku ya saba walivuka kilele, wakafika ukingoni mwa msitu. Mbonea aliifungua kamba. "Nenda," akasema. Watasema akatimka, akazama kwenye ukungu. Mbonea akalia pale, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata kwenye matanga. Alipomaliza alikunja kamba, akageukia njia ya nyumbani.

Hatua chache mbele, palikuwa na mbwa. Alikuwa amezunguka na kumtangulia, kisha akasimama katikati ya njia, shingo ameigeuza nyuma, anangoja. Mbonea alipomkaribia alikimbia tena kidogo, akasimama, akageuka. Hivyo ndivyo alivyomshusha mlima mzima. Kumbe hakusahau kwao hata kidogo.

Wazee walikuwa wakingoja kwenye ua. Nakiete alimwona mbwa kwanza, akashika kichwa, kwa kuwa hukumu ilikuwa imevunjwa. Kisha akamwona baba yake nyuma ya mbwa, anashuka mwenyewe, matope hadi magotini, anacheka. Mzee Senkondo aliwatazama wote wawili. Akawageukia wazee wenzake.

"Tulimtuma akamwache mbwa," akasema. "Naona kilichoachwa huko juu ni kigoda. Mbwa abaki. Ila kesho asubuhi, Mbonea, mfereji unakungoja, na huyu usimwache nyumbani."

Nakiete alikaa chini papo hapo, akapumua kama mtu aliyetua mtungi wa maji baada ya kupanda mlima.

Na tangu siku hiyo mbwa akiona mtu ameshika mkongojo, huinuka na mkia wake hauna utulivu. Akitangulia njiani husimama na kugeuka, kuhakikisha kwamba unakuja. Na ukimfungia siku tatu hutafuna viatu vyako, kwa kuwa anaona huna kazi navyo.

Haya, tazameni. Nimegusa tu mkongojo wangu, na huyo amekwisha kusimama langoni. Maharage yatakaa. Magoti yangu yatanung'unika hadi kwenye jiwe kubwa, kisha yatanyamaza, nimeyazoea. Elineema, vaa viatu vingine, mama. Anatungoja.