Helikopta Kiziwi na Kikapu cha Mpunga Mpya

Hapo zamani, wajukuu zangu, na zamani yenyewe si ya mbali, mwaka ule ndege kwelea waliposhuka Kyela kama wingu lenye njaa, alikuwako mwanamke aitwaye Subilaga. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Kutwa alikaa juu ya dungu katikati ya mpunga, akipiga debe, akipiga kelele, hata sauti ikamkauka.

Wifi yake, Atuganile, akaleta helikopta ndogo ya rimoti, ukubwa wa bata mzinga, ya kufukuzia ndege.

"Wifi, shuka! Mashine imechukua kazi yako!"

"Nishuke vipi na tumbo hili? Kwanza nione kama huyo kuku wako wa chuma anaruka."

Ambokile, fundi redio, aliijaribu kwanza. Akaiweka chini, akatembea hatua mia na rimoti mkononi, akiuchezesha mkia. Mkia ukaitika.

"Inasikia," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nyuma yake akaja Bibi Syabumi, mama mkwe wa Subilaga, msukaji wa vikapu. Alikuwa amesuka kikapu cha ukindu cha kufunga tumboni mwa helikopta, kibebe njuga za kutishia ndege. Akakifunga. Akaona uzi mwembamba unaning'inia. Msukaji gani anaacha uzi unaning'inia? Akauzungusha kwenye mguu wa chuma wa mashine, mara tatu, akaificha ncha.

Atuganile akashika rimoti, ikaruka. Kwelea wakapaa. Vigelegele! Ikaenda mbali, ikaenda mbali zaidi, halafu ikatikisa mkia, ikageuka, ikashika njia ya dungu.

"Igeuze, wifi!"

"Naigeuza! Haisikii!"

Subilaga akayaona mapanga yakizunguka, akazisikia njuga zikija. Ngazi ilikuwa nyuma yake, na mwili ulikuwa mzito. Akalikumbatia tumbo. Huko chini Atuganile, kwa hofu, alikuwa anarudi kinyumenyume.

"Usirudi nyuma!" Ambokile akapaza sauti. "Ukiwa mbali nayo inakuwa kiziwi! Ikimbilie!"

Atuganile akaziacha ndala topeni, akakimbia. Hatua sitini, haisikii. Arobaini, haisikii. Ishirini, mkia ukaitika! Akaivuta pembeni ya dungu, mapanga yakapita juu ya nywele zake, akazima mota. Ikaanguka, ikaangukia kile kikapu. Ukindu ukabonyea, mashine ikapona.

Ambokile akaipindua. Betri ina chaji. Skrubu zimekaza. Akakuna kichwa.

"Sioni kitu. Kesho tuirushe tena, tuone."

Bibi Syabumi angeweza kunyamaza. Nani alimwona? Lakini akasema, "Msiirushe. Huo uzi niliufunga mimi."

"Mama!" Ambokile akaruka. "Uzi huo ndio antena, ndio sikio lake!"

Wakaufungua. Hatua mia, mkia ukaitika. Wakaacha uzi uning'inie, na mwaka ule kwelea wakalala njaa.

Sasa, shamba lile lina desturi. Kikapu cha kwanza cha mpunga mpya hupewa aliyeliokoa shamba. Hupewa mtu mmoja, hakigawanywi, na hukipeleka aliyekaa kwenye dungu. Subilaga akajitwisha kikapu, mtoto mchanga mgongoni.

"Wifi," akasema Atuganile, "mapanga yalipita juu ya nywele zangu. Nani mwingine alikimbia?"

"Ulikuwa unakimbilia nyumbani!" Ambokile akacheka. "Nani alikugeuza?"

"Na wewe uliyesema inasikia, ukaenda kunawa?"

Bibi Syabumi akawanyamazisha kwa mkono. "Mwanangu Subilaga, aliyeifanya kiziwi ni mimi, sifichi. Ila ningefunga mdomo, ingekurudia kesho. Na ilipoanguka, ilidakwa na kikapu changu."

Subilaga akamtazama wa kwanza. Akamtazama wa pili. Mama mkwe, kwa heshima, hakumkazia macho. Mtoto akaamka, akaanza kulia.

Kikapu bado kiko kichwani, wajukuu zangu, na shingo inamuuma. Je, akitue miguuni pa nani?