Salama ya Tangi la Tatu

Hapo zamani, na si zamani ya majitu, ni zamani hii ya mwaka juzi, palikuwa na ushirika wa maziwa huko milimani Usambara. Ulikuwa na matangi manne ya kupozea, ulikuwa na umeme wa kukatikakatika, na ulikuwa na Bi Mwanjaa, mpokea maziwa. Miaka ishirini na miwili mama huyu amepokea maziwa ya watu. Akinusa ndoo tu, anakwambia ng'ombe wako jana alikula nini na wewe mwenyewe ulimdanganya nani.

Fundi Shemdoe akatengeneza programu ya kuchunga matangi. Ukiiuliza kuhusu tangi lolote, inakujibu kwa maandishi. Kisha ushirika ukaleta msaidizi wa akili mnemba, asiye na macho wala pua. Kazi yake kuiuliza programu kila saa, na joto likipanda, awashe jenereta. Watu wakamwita Mgeni, maana hakuna alichokijua mpaka aandikiwe.

Mgeni akaanza kazi. Akauliza tangi la kwanza, akajibiwa. Akauliza la pili, akajibiwa. Akauliza la tatu, akajibiwa: "Salama tu, tunamshukuru Mungu. Ila joto limefika nyuzi kumi na tisa." Mgeni akasoma salama, akaridhika, akaenda la nne. Maziwa yakakatika tangi zima. Watu walikunywa mtindi wiki nzima, mpaka paka wakaanza kukataa.

Fundi akaikagua programu yake, asione kosa. Imeulizwa, imejibu kwa adabu, na ukweli imeusema. Kwao, hata nyumba ikiwaka moto, ukiulizwa habari unasema kwanza nzuri, ndipo unaomba ndoo ya maji. Wote wakakubaliana kwamba mwenye kasoro ni Mgeni, hajaandikiwa vya kutosha.

Mwenyekiti akatangaza. Tangi jipya linakuja, kubwa kuliko yote, litasimama kando ya barabara. Atakayemfanya Mgeni asiharibu maziwa tena, jina lake litaandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtu. Bi Mwanjaa aliposikia, chai ilimpalia. Maishani mwake jina lake liliandikwa mahali pawili tu: kwenye kadi ya kliniki na kwenye mlango wa choo cha shule, tena hapo pa pili kwa matusi.

Mwalimu Hoza, mstaafu, akaandika mwongozo. Kurasa arobaini. Kila amri ya programu, unaipa nini, inakurudishia nini, mfano juu ya mfano. Mgeni akaumaliza kabla mwalimu hajafunika kalamu. Akajua tangi lipi ni lipi, akajua nyuzi ngapi ni hatari. Lakini wiki ya pili, maziwa ya tangi la tatu yakakatika tena.

Ndipo Bi Mwanjaa akaingia ofisini. Akaomba asomewe mwongozo, naye atafanya kilichoandikwa tu, asiongeze cha kichwani mwake. Fundi akamtania kwamba hilo litakuwa la kwanza tangu azaliwe. Mwalimu akasoma, mama akaiuliza programu habari za tangi la tatu, jibu likaanza: salama. Bi Mwanjaa akachukua mkoba wake, akatoka, akashika njia ya nyumbani. Fundi akamkimbilia, Mwalimu nyuma yake na mwongozo mkononi.

"Mama, unakwenda wapi? Jibu halijaisha."

"Wapi mmeandika, mwanangu, kwamba halijaisha?"

Wakaupekua mwongozo. Kurasa arobaini, na hakuna. Walilelewa vizuri mno, hata hawakuona haja ya kuliandika.

"Andika, Mwalimu," akasema Bi Mwanjaa. "Salama ya mwanzo ni adabu, si habari. Usiondoke mpaka umesoma neno la mwisho. Na ukiona joto, amini joto."

Ijumaa adhuhuri, watu wako msikitini, umeme ukakatika. Mgeni akauliza, akaambiwa salama, akatulia kama mjukuu anayesubiri bibi amalize. Akalisoma joto, akawasha jenereta. Lori la wanunuzi likaja, maziwa yakapimwa, matangi yote manne yakapita. Milima mizima ilitembea kifua mbele.

Tangi jipya likafika, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Fundi akasema, "Bila programu yangu, Mgeni angeuliza nini, jiwe? Na ningekuwa mwongo ningeishia kwenye salama. Ukweli niliuweka mimi."

Mwalimu akasema, "Mama alisema kwa mdomo, na Mgeni hana masikio. Yeye husoma. Kilichookoa maziwa ni maandishi, na mwandiko ni wangu, kurasa arobaini na mistari mitatu."

Bi Mwanjaa akajifunga kanga upya. "Wewe fundi uliuficha ukweli nyuma ya mlango. Wewe mwalimu ukaupaka mlango rangi. Mimi, nisiyejua hata kuiwasha mashine yenu, ndiye niliyekubali kuwa mjinga kwa makusudi mbele za watu. Ujinga ule ni kazi. Jaribuni muone."

Mwenyekiti akajikuna. Ubavu unaotazama barabara ni mmoja, na herufi za kimo cha mtu hazitoshi majina matatu. Fundi rangi keshapanda ngazi, brashi inamdondoshea mwenyekiti nyekundu kwenye viatu, na hii ni mara ya tatu anauliza aandike jina gani. Haya, mmecheka vya kutosha. Mjibuni nyie: tangi lile lilistahili jina la nani?