Chumvi ya Naelijwa

Mleta chumvi hachagui mboga. Mmeisikia leo kikaoni, ninyi mnaoanza kazi, na nimewaona mkinong'onezana, mkidhani ni utani wa wapishi. Ni kweli ilizaliwa jikoni, lakini haikuwa ya wapishi. Methali hii ilianza hivi.

Miaka ishirini na kitu iliyopita alikuwapo mwanamke aitwaye Naelijwa, ndiyo kwanza ameajiriwa Moshi katika mfuko uliosaidia vikundi vya wanawake. Alikuwa na bidii ya mtu mwenye kazi mpya: kalamu tatu mkobani na jibu la kila swali. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya Upare, kule milimani inakolimwa tangawizi. Alikuwa anawapelekea akina mama wa kikundi kimoja habari njema, kwamba mfuko umeamua kuwapa vyerehani vinane. Bibi yake aliposikia hivyo alimwambia kuwa mtu haendi kwa watu mikono mitupu, akamtilia mkobani pakiti mbili za chumvi.

Chumvi ile ilipokewa kwa vigelegele, kwa sababu ya dukani ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyotangulia na mvua imeharibu barabara. Naelijwa akakaribishwa jikoni kwa Bibi Nakiete, kiongozi wa kikundi. Pembeni mwa jiko akaona cherehani. Juu yake palikuwa na ndoo ya maji, na chini, penye kanyagio, kuku alikuwa ameatamia mayai. Aliuliza ni cha nani. Akaambiwa kililetwa na wageni wengine miaka minne nyuma, na viko viwili zaidi kwa majirani. Naelijwa aliandika kitu daftarini, kisha akakikata.

Akina mama hawakuwa na habari na vyerehani. Walikuwa na jambo lao. Mwenzao mmoja, Namkunda, alikuwa amefiwa na mume miezi saba iliyopita, na sasa shemeji yake analitaka shamba la tangawizi. Shemeji alidai kwamba ngazi zote za kuzuia udongo katika shamba lile la mteremkoni zilichimbwa na marehemu kabla hajaoa, kwa hiyo ni mali ya ukoo na mjane hana chake. Shauri lingesikilizwa Same, kwenye baraza la ardhi, baada ya wiki tatu. Namkunda akishindwa, angetoka na watoto wake wanne na nguo walizovaa. Kikundi kiliomba kitu kimoja tu: lori la kuwapeleka Same wote thelathini na mmoja, pamoja na chakula cha siku mbili.

Naelijwa akawaeleza kwa upole kwamba mfuko haukodishi malori. Pengine angeweza kuomba wakili, na watu wawili wa kumsindikiza mjane. Safari ya watu thelathini na mmoja, moyoni mwake, aliiona ni matembezi. Wakamsikiliza mpaka mwisho, maana ni watu wenye adabu, kisha wakarudi kuchambua mboga. Katika kikapu kimoja mlikuwa na mnavu, katika kingine kabichi moja nzuri. Naelijwa tangu utotoni hapatani na uchungu wa mnavu.

"Bibi, kwa nini tusipike ile kabichi?" akasema. "Na chumvi hii, itakuwa tamu sana."

Bibi Nakiete aliendelea kuchambua.

"Mwanangu, umetuletea chumvi na Mungu akubariki, maana tulikuwa tunakula chukuchuku. Lakini kabichi ile ni ya mgonjwa wa nyumba ya pili, tumbo lake halipokei mnavu. Wewe ungejuaje? Mleta chumvi hachagui mboga."

Wanawake wakacheka, na Naelijwa akacheka nao. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alimtazama yule kuku chini ya cherehani kwa muda, halafu akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

"Mkifika Same wote, mtakwenda kufanya nini?"

Aliyejibu ni Namkunda mwenyewe, aliyekuwa akichambua mboga pamoja na wenzake.

"Shamba langu lina ngazi thelathini na moja, dada. Tulizichimba kwa msaragambo, kazi ya kusaidiana, wenzangu hawa na mimi, kila mmoja akasimamia yake. Nilikuwa nimeshaolewa, nina mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Kila mmoja anaijua ngazi aliyoichimba. Wakili hakuchimba."

Naelijwa aliona haya, na siku zote alipoisimulia habari hii hakuificha haya hiyo. Alishuka Moshi akamwambia mkurugenzi wake, Bi Aikande, kwamba vyerehani visiende, liende lori. Bi Aikande alikasirika. Wafadhili walikwishaahidiwa picha za wanawake wanaoshona. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba Namkunda akishindwa, Naelijwa atafute kazi kwingine. Naelijwa akapanda lori pamoja nao.

Barazani wakasimama mmoja mmoja. Wa kwanza aliijua ngazi yake kwa jiwe lililomvunja kidole, akakionyesha kidole. Wa pili alikumbuka kwamba Namkunda aliwaletea uji siku ile, akatapikia kando kwa sababu ya mimba. Walipofika wa kumi na moja, mwenyekiti alimgeukia shemeji akamuuliza kama ana mtu hata mmoja aliyechimba na marehemu. Hakuwa naye. Shamba likabaki kwa Namkunda, na mwaka huo alivuna tangawizi kwa mkono wake.

Tangu hapo Naelijwa alikaa katika majiko mengi, akiuliza kwanza. Vikundi vikafahamiana, vya mlimani na vya tambarare, hata ikawa mjane akiguswa huku, lori linapakia kule.

Mwaka jana alistaafu. Wanawake wa Upare wakateremka mpaka Moshi kumpikia. Walileta unga, mnavu, masufuria, hata mwiko. Bibi Nakiete, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alionja mboga akakunja uso.

"Haina chumvi," akasema.

Naelijwa akauliza kama wameisahau nyumbani.

"Hatukusahau, mwanangu. Tuliacha makusudi. Chumvi ni yako."

Naelijwa akaenda kuichukua kabatini, machozi yakimtoka waziwazi. Akawashukuru kwa kumfundisha kazi aliyodhani anaijua. Kisha akaitia chumvi katika mnavu, akaukoroga, akaomba sahani ya kwanza iwe yake, naye uchungu ule hajauzoea mpaka leo.

Nanyi kesho mnapanda mlima na mikoba yenu. Chumvi msiache, mnangojewa nayo. Lakini mkifika, kaeni jikoni muulize. Mleta chumvi hachagui mboga.