Mshale wa Ukurasa wa Saba

Hapo zamani, wakati projekta ilikuwa imekwisha kufika Ikondamoto lakini maji ya bomba bado, Kyando, mwandishi wa vitabu vya mitambo, alisimama mbele ya kijiji kizima na fimbo mkononi. Alikuwa amefika Lusaka, Muscat na Bombay. Hilo alikwisha kulisema mara tatu kabla ya chai.

"Ukurasa wa saba!" akatangaza, akiigonga kwa fimbo picha ya kitabu chake iliyomulikwa ukutani. "Hii ndiyo valvu ya pampu yenu. Fuateni mshale."

Watu wakapiga makofi. Bi Mbilinyi, ambaye ndiye angeachiwa pampu mafundi wakiondoka, hakupiga.

"Mshale uko wapi, baba? Mimi naona kiporo cha ugali."

Kyando akageuka. Lo! Picha aliyotumiwa kwa simu, ndogo kama stempu, alikuwa ameivuta ijaze ukurasa, kama mtu anayesukuma chapati. Chapati hupanuka, picha hubaki chengachenga. Na valvu ikifungwa kinyume, pampu huungua. Kijiji kilikuwa kimeingoja miaka sita, na mafundi wangeondoka Ijumaa.

"Nimezunguka dunia yote," Kyando akasema akijifuta jasho, "nije kuwaletea kiporo!"

Akampigia Tusekile, mchoraji aliyekuwa mjini. Tusekile akaichora valvu upya kwenye kompyuta, kwa mistari isiyofifia hata ukiikuza iwe kama mlango. Akataka kuituma kwa simu. Ambakisye wa bodaboda, aliyekuwa amemletea abiria huko mjini, akamzuia.

"Simu huikandamiza picha kama nguo za mhamaji, dada. Nipe flashi."

Akaifunga flashi ndani ya soksi, akavuka mlima kwenye tope siku nzima. Kyando naye, safari hii, hakuvuta kitu. Aliingiza faili lenyewe, akazima ile amri ya kompyuta inayopunguza picha kila ukihifadhi, akachapa ukurasa mmoja kwanza, akampelekea Bi Mbilinyi.

"Mshale unatazama juu," mama akasema.

Alhamisi valvu ikafungwa mahali pake, kama mshale ulivyoelekeza. Ijumaa pampu ikanguruma, maji yakatoka, na mwenyekiti akatangaza kwamba pampu itapewa jina la aliyeuokoa mshale.

"Basi ni Tusekile," akasema Tusekile, aliyekuja kushuhudia. "Bila mistari yangu, mngebeba nini?"

"Bila tope langu," akajibu Ambakisye, "mistari yako ingefika ukungu mtupu."

Kyando akakohoa. "Bila mkono wangu, vyote vingeharibikia mlangoni. Niaminini, kuharibu ndiyo fani yangu."

"Na Bi Mbilinyi je?" mwenyekiti akasema. "Sisi sote tulipigia makofi ugali. Yeye peke yake aliuliza. Mama, hebu amua wewe."

Bi Mbilinyi hakuinua hata kichwa kutoka kwenye bomba.

"Nina ndoo arobaini hapa, mwenyekiti. Hao waliokaa wakisikiliza hadithi wana kazi gani? Waulize wao: je, nani alistahili?"