Sange, Ngiri na Kasha la Bi Paka

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, zamani zile nyati alipokuwa na nyumba yenye sebule na vyumba vinne, alikuwako mama mmoja msafi kupita wote. Mama huyo alikuwa Bi Paka.

Bi Paka aliishi kwa Bwana Nyati. Kazi yake ilikuwa kulinda ghala la mtama, na aliilinda kweli. Panya wa mji ule walikuwa wakipita mbali na ghala hilo, tena kwa kunyata. Alikuwa na watoto watatu wachanga, macho yao ndiyo kwanza yamefunguka.

Nyuma ya ghala palikuwa na kasha lake la mbao, limejaa mchanga laini wa mtoni. Hapo ndipo alipojisaidia. Akimaliza, kwaru! kwaru! kwaru! anafukia, anakung'uta miguu, anakwenda zake. Ungeweza kukaa naye mwaka mzima usijue kama Bi Paka hukojoa.

Basi siku moja mlangoni pakasikika sauti nzito.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Ngiri. Zamani Ngiri na Nyati walisimama bega kwa bega wakamfukuza simba, na tangu siku hiyo Nyati alimpenda kama ndugu.

"Karibu, rafiki yangu!" Nyati akanguruma kwa furaha. "Hapa ni kwako. Kaa utakavyo!"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Ngiri hakupewa jembe, alipewa godoro. Akakaa siku tatu, akakaa kumi, akakaa arobaini. Kila asubuhi Nyati alikwenda shamba, na Ngiri akabaki nyumbani akijikuna mgongo kwenye nguzo za baraza. Kru, kru, kru.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Asubuhi moja Nyati aliingia sebuleni, akakanyaga jamvi la wageni. Chwaka!

"Nini hiki?" Akainamisha pua. "Puuu! Mkojo!"

Kesho yake ukaonekana mkojo kwenye mkeka wa chumbani. Keshokutwa ukawa kwenye kanzu yake mpya, aliyoiweka kitini tayari kwa harusi. Na huo hakuuona mapema. Aliivaa kanzu hivyo hivyo, akaenda nayo harusini, akakaa mbele kabisa. Wageni waliokaa karibu naye wakaanza kuhama. Akahama wa kulia, akahama wa kushoto, mpaka bwana harusi mwenyewe akaziba pua.

Nyati alirudi nyumbani anatoa moshi puani.

"Paka! Paka weee! Ni wewe?"

Bi Paka alijikunyata pembeni, masikio yamelala. "Ni mimi, Bwana," akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

"Kwa nini? Kasha huna?"

Bi Paka akamtazama Nyati, akamtazama Ngiri aliyesimama nyuma yake, akainamisha kichwa.

"Umeona?" akasema Ngiri. "Hana jibu. Msugue pua kwenye huo mkojo wake, atakoma."

Nyati akamsugua pua. Hakukoma. "Mmwagie maji ya baridi!" akasema Ngiri. Nyati akammwagia. Hakukoma. "Mchape!" Akachapwa. Wapi! Kila alipoadhibiwa, mkojo uliongezeka. Sasa ukawa mpaka chini ya kitanda, mpaka nyuma ya mitungi.

Mwishowe Ngiri akasema, "Rafiki yangu, paka akishaharibika haponi. Mtoe. Mpeleke ng'ambo ya kilima, yeye na vitoto vyake."

Ng'ambo ya kilima, wanangu, waliishi fisi. Hakuna paka aliyewahi kwenda huko akarudi.

Moyo ulimuuma Nyati, lakini aliikumbuka ile harusi. "Haya," akasema. "Kesho jua likifika utosini, Paka, utaondoka."

Alasiri ile Bi Paka alikaa nyuma ya ghala, anawalamba wanawe na kulia. Mara ua wa makuti ukatikisika, chakacha! Ikatokeza pua. Pua ndefu! Nyuma ya pua akaja mwenyewe, Sange.

Sange mnamjua? Mdogo kama panya, pua yake ndefu inachezacheza kama mkonga wa mtoto wa tembo, na mbio zake, huwahi kumwona akipita. Unaona majani tu yakitikisika.

"Shikamoo, Bi Paka. Mbona machozi?"

"Marahaba, mwanangu. Kesho natolewa kwa fisi." Akamweleza yote, tangu jamvi mpaka kanzu.

Sange hakucheka. Akauliza, "Samahani mama yangu, nikuulize kama mganga. Ukikojoa, panauma?"

"Hapana."

"Unatoka kidogo kidogo? Una damu?"

"La, la. Mimi mzima."

"Basi ugonjwa hauko kwako. Ngoja nikaliulize kasha."

Akaruka, tip! mpaka ukingoni mwa kasha. Akashusha pua. Fwi, fwi, fwi. Akapiga chafya. Chyaa!

"Lo! Salale! Bi Paka, hili kasha lako au zizi? Nasikia harufu ya tope bichi. Nasikia kupe aliyepondwa. Na huu hapa unywele mgumu kama sindano. Huu si wako. Ni wa Ngiri!"

Bi Paka akageuka huku na huku, akanong'ona. "Kila Bwana akienda shamba, Ngiri anakuja hapa kugaagaa, eti mchanga unamtuliza muwasho. Nikija ananikoromea, groo! Siku moja alinikuta ndani, akanibana ukutani kwa pembe zake za mdomoni. Aliniambia, 'Ukisema, nitawakanyaga wanao mmoja mmoja.' Tangu hapo nikiliona kasha nageuka nyuma, hata kama hayupo. Najizuia, najizuia, halafu chururu! popote nilipo."

"Na hukusema?"

"Niseme mimi, nani aniamini? Mwenye kesi ya mkojo ni mimi."

Sange akazungusha pua yake polepole. Alikuwa amekasirika, ingawa Sange akikasirika huwezi kujua, kwa udogo wake.

"Ni kweli," akasema. "Tukimshitaki, atakana, na Nyati ataamini pembe kuliko machozi. Mwenye nguvu hashikwi kwa mashitaka, mama. Hushikwa kwa sifa. Wewe kesho kaa kimya. Nikisema uongo, usicheke."

Asubuhi kukakucha. Nyati hakwenda shamba siku hiyo. Alikaa barazani na Ngiri wanakunywa uji, na Bi Paka amekwisha kuwafunga wanawe kwenye kapu.

"Hodi! Hodi! Hodi!" Sange akaingia mbio, anahema hah! hah! hah! "Wazee shikamooni! Jamani, ni hapa penye kasha la mchanga wa paka?"

"Marahaba. Ni hapa," akasema Nyati kwa uchungu. "Unalitakia nini takataka hilo?"

"Takataka!" Sange akajishika kichwa. "Bwana Nyati, unaiita takataka dawa? Huko mtoni wanyama wote wamekusanyika. Simba amerudi! Wanamtafuta jemadari wa kuwaongoza. Na wazee wamesema jemadari sharti awe amelala kwenye mchanga wa paka. Mchanga ule ukiingia ngozini, wee! Shingo inakuwa chuma. Simba akikuona tu anageuza njia!"

Masikio ya Nyati yakasimama. Ya Ngiri pia.

"Kweli?" akauliza Nyati. Akaweka bakuli chini. "Basi nakwenda kuulalia sasa hivi!"

"Pole, Bwana, umechelewa. Siku moja haitoshi. Sharti siku ishirini mfululizo, na jemadari anatakiwa leo hii." Sange akaugeuza uso kwa huzuni. "Nilidhani katika nyumba kubwa kama hii hatakosekana shujaa mmoja. Kumbe hamna. Basi niende kwa jirani Pofu mwenye pembe ndefu, huenda..."

"Ngoja!" akasema Ngiri.

Sange akaendelea kutembea kana kwamba hakusikia.

"Ngoja, we pua ndefu! Siku ngapi umesema?"

"Ishirini, mzee. Lakini usijisumbue. Ni jambo gumu, si la kila mtu."

Ngiri akatunisha kifua. "Ishirini ni kitu gani? Mimi nimelala siku arobaini!"

"Wewe?" Sange akacheka, hi hi hi! "Mzee Ngiri, usinitie aibu mbele ya wazee wa mtoni. Kasha ni la paka. Lini ulipata nafasi?"

"Kila siku! Nyati akitoka tu, naingia. Nagaagaa kulia, nagaagaa kushoto, mpaka mchanga unaniingia masikioni!"

"Aa, siamini. Na mwenyewe Bi Paka? Amekuachia tu?"

"Paka!" Ngiri akapiga kwato chini, kah! kah! kah! akicheka. "Akija namkoromea groo! anakimbia mkia katikati ya miguu. Siku moja nimembana ukutani, nusura azimie! Huyo si saizi yangu."

"Ajabu!" akasema Sange, taratibu sasa, kila neno akilitua kama yai. "Lakini, mzee, ikiwa kasha unalilalia wewe, Bi Paka anakojoa wapi?"

"Shauri yake! Jamvini, mkekani, kwenye kanzu, popote atakapo..."

Hapo Ngiri akauma ulimi.

Uji katika bakuli la Nyati ukatikisika wenyewe.

Nyati hana haraka ya kufikiri, wanangu, lakini akifika, amefika. Akamtazama Ngiri. Akalitazama kapu la vitoto. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwenye kanzu."

"Rafiki yangu, nilikuwa natania..."

"Kwenye kanzu yangu ya harusi!"

"Bwana Nyati! Tulipigana na simba pamoja!"

"Na simba hakuwahi kumtisha mama mwenye watoto nyumbani kwangu!" Nyati akashusha pembe. Mmmmbuuu!

Ngiri hakungoja. Alipita juu ya mabakuli, ga! ga! ga! akavunja ua, mkia umesimama wima kama bendera, vumbi nyuma yake. Wakamwona akipanda kilima, wakamwona akishuka upande wa pili, upande wa fisi, na tangu siku hiyo hakupiga hodi tena mlangoni pale.

Nyati, aliyemkimbiza mpaka chini ya kilima, akarudi anahema. "Sange, haya twende mtoni. Simba yuko wapi?"

"Simba gani, Bwana?"

"Na ile dawa ya mchanga?"

"Mchanga ni mchanga tu, Bwana. Wewe mwenyewe ulitaka kuulalia, au sivyo?"

Nyati akaona haya, na ukubwa wake wote ule. Akamwendea Bi Paka, akapiga magoti mpaka ardhi ikatikisika. "Bi Paka, nilikusugua pua. Nilikuchapa. Hata siku moja sikuenda kulitazama kasha lako. Nisamehe."

Bi Paka akasema, "Bwana, nimesamehe. Lakini lile kasha siliwezi tena."

"Utaliweza," akasema Sange. "Ila kazi ni ya Bwana Nyati."

Kumbe palikuwa na kazi! Sange akakaa juu ya mtungi anaamuru, na Nyati anatii. Mchanga wa zamani, tupa. Kasha, sugua kwa maji ya moto, anika juani. Jamvi na mikeka, osha kwa ndimu na siki mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu paka akisikia harufu ya mkojo wake mahali hudhani ndipo chooni. Mchanga mpya, lete mtoni. Nyati akaenda na kurudi mara nne na gunia mgongoni.

"Sasa usiliweke pale pale," akasema Sange. "Pale aliogopeshwa. Liweke penye utulivu, penye njia mbili za kutokea. Na uchafu uondolewe kila siku, usingoje wiki."

Likawekwa chini ya dirisha la chumba cha akiba. Wakarudi nyuma, wakakaa wakingoja.

Bi Paka akaja. Akasimama mbali. Akanusa. Akarudi nyuma hatua mbili, masikio yakalala.

"Hataki," akanong'ona Nyati.

"Shhh!"

Bi Paka akasogea tena. Akatia mguu mmoja mchangani, akautoa. Akatazama njia ya kulia, iko wazi. Akatazama njia ya kushoto, iko wazi. Akatia mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akachimba kidogo. Akachutama, macho ameyafumba nusu.

Nyati alibana pumzi mpaka macho yakamtoka.

Chururuuu.

Halafu, kwaru! kwaru! kwaru! Bi Paka akafukia, akakung'uta miguu, akatoka mkia juu, anatembea kama bibi harusi.

"Hoyeee!" Nyati akaruka juu, akatua puu! vyombo vikaanguka jikoni. "Amekojoa! Paka wangu amekojoa!" Akatoka nje akawatangazia majirani wote, na majirani wakashangaa furaha kubwa namna ile inatokana na nini. Sange akacheka mpaka pua ikafunga fundo, na vitoto vitatu vikatoka kapuni kimoja kimoja, vikamfuata mama yao kwenda kulinda ghala.

Basi wanangu, shikeni hili: ukimwona mnyonge anachafua, kabla hujashika fimbo, tazama kwanza ni nani aliyekalia mahali pake.